Nani Alizima Kajeu

Nilimtambua kwa sauti kabla ya kuona uso. Ilikuwa Jumapili mchana, tumeshakula, na mwanangu wa mwisho alikuwa amejilaza kwenye mkeka na simu yangu. Ndani ya simu mwanaume mmoja alikuwa anaeleza, kwa Kifaransa cha watu waliokaa sana Ulaya, jinsi ya kuudanganya mchezo wa zamani, mmoja wa ile michezo iliyokuwa inachezwa kwenye mashine ndogo za kushika mkononi. Akacheka, na kicheko kikatokea puani. Mtu anayecheka kwa pua namna ile namjua mmoja tu.

"Lete hapa," nikamwambia mtoto.

Alikuwa Fiston, mtoto wa baba mukubwa, ambaye kwa mila yetu ni kaka yangu. Aliondoka hapa mjini Kindu zamani. Siku hizi anatengeneza video kuhusu makosa yaliyofichika ndani ya michezo ile, na watu wengi wanamfuata. Video hii mtu mmoja alikuwa ameituma kwenye grupu la familia. Fiston alikuwa anasimulia kosa la kwanza alilowahi kugundua maishani: katika mji uliozingirwa na vita, bila umeme, bila mtu wa kumfundisha, yeye peke yake aligundua namna ya kuifanya mashine igeuze kitu kimoja kuwa viwili. Chini yake wajomba na mashangazi walikuwa wameshamwagia sifa. "Kichwa ya familia!" ameandika mmoja. Kisha, kabla ya kumaliza, Fiston akacheka tena kwa pua na kusema kwamba raha ile haikudumu, kwa sababu binti mmoja wa pale nyumbani, ambaye hakuelewa kitu, aliichezea mashine mpaka akaiharibu.

Binti mmoja wa pale nyumbani!

Binti huyo anaitwa Mwamini. Ni dada yangu, mimi na yeye tumenyonya ziwa moja, na ule ujanja aliugundua yeye. Nilikaa na simu mkononi mpaka mwanangu akaniuliza kama ninaumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa na hasira ambayo nilidhani imekufa zamani.

Sisi ni watu wa Kalima, mji wa machimbo. Baba alikuwa anachimba na kununua kasiterite, mawe ya bati, kidogo kidogo, na alitaka watoto wake wasome, kwa hiyo alitupeleka Kindu kwa kaka yake mkubwa, mimi na Mwamini, kila mmoja na mfuko wake wa nguo. Baba mukubwa alikuwa mfanyabiashara, na nyumba yake ya matofali ilikuwa mtaa wa Kasuku. Alitupokea vizuri, hilo sitalificha. Halafu vita ikafunga njia. Treni ilinyamaza. Watu wa kinga, wale waliokuwa wanasukuma baiskeli zilizojaa mchele na mafuta ya mawese kutoka vijijini, wakaacha kufika. Aliyekwenda shambani alirudi amepigwa, au hakurudi, na watu wakaanza kulima mboga, sombe na lenga-lenga, hata pembeni ya vyoo. Chumvi, sabuni na betri zilikuja kwa ndege tu, na ndege ilikuja ikipenda.

Katika ndege moja ya namna hiyo, ndani ya katoni ya sabuni, baba mukubwa alimletea Fiston mashine ya mchezo. Ilikuwa imeshatumika, rangi imechubuka pale vidole vya mtoto mwingine vilipokuwa vinashika, na kaseti moja tu ilikuwa imekwama ndani. Tuliiita kajeu. Ndani ya kajeu kijana aliyefunga kitambaa kichwani alikuwa anatembea kutoka kijiji hadi kijiji, anapigana na wanyama, anaokota vitu na kuvitia mfukoni. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, ingawa wakati ule hatukujua ni ya wapi. Mimi niliona vijiti vya kiberiti vilivyomwagika. Kwa hiyo kila kitu tulikipa jina sisi wenyewe. Kulikuwa na hopitali, kulikuwa na soko, kulikuwa na mama mnene wa njiani tuliyemwita Mama Chumvi kwa sababu hakuwahi kuwa na kitu unachotaka. Na kulikuwa na nyumba yenye sanduku, ambapo kijana angeweza kuweka vitu vyake.

Ukitaka kuacha kucheza, ilibidi kwanza umlaze kijana. Ndivyo tulivyosema: kumlaza. Ulibonyeza, maandishi yakatokea, na pembeni pakawa na taa ndogo iliyochorwa ikipepesa. Ikiacha kupepesa, unazima. Mimi niliamini kwamba maandishi yale ni sala. Nilidhani kijana anasali kabla ya kulala, kama tulivyosali sisi, na kila mara nilisema "Amina" kimoyomoyo. Fiston ameeleza katika video yake maana ya maandishi yale. Yalisema: usizime mashine.

Kajeu kilikula betri kuliko redio. Mabuye, ndivyo tunavyoita betri kwetu, yalikuwa adimu, na sheria ya Fiston ilikuwa moja: mwenye mabuye ndiye anacheza. Basi Mwamini akawa fundi wa mabuye yaliyokufa. Aliyaokota kwa majirani waliosikiliza habari mpaka redio ikazimika, akayang'ata kwa meno, akayapanga juu ya bati kwenye jua kali la saa sita. Vidole vyake vilinuka chuma na kitu kichachu, na harufu ile ilibaki hata akishasonga bugali. Mabuye yaliyoanikwa yalikuwa na uhai wa muda mfupi na usiotabirika. Ndiyo maana ikatokea.

Siku moja Mwamini aliweka pete ya kijana ndani ya sanduku, akaanza kumlaza, na mabuye yakafa taa ikiwa bado inapepesa. Akasonya, akayarudisha juani. Jioni, kabla jua halijazama, akawasha tena. Nilimwona anasogeza kajeu karibu na macho.

"Zaina, angalia. Pete iko kwa mufuko."

"Si uliiweka kwa sanduku?"

"Niliiweka. Na kwa sanduku vilevile iko."

Mtoto mwingine angeruka akafurahi. Mimi niliruka. Mwamini alikaa palepale kwenye kizingiti, kajeu mapajani, na kutazama ukuta wa jirani. Kisha akanieleza polepole, kama anayefungua fundo la uzi.

"Akilala, mashini inaandika vitu vyake vyote. Inaanza kwa sanduku, njo inakuja kwa mufuko. Mabuye yalikufa katikati. Kwa sanduku pete imeshaingia, kwa mufuko haijatoka bado."

"Njo kusema nini?"

"Njo kusema tukizima sisi wenyewe, pale pale katikati, vitakuwa viwili tena."

Hatukuwa na mtu wa kumwuliza. Alijaribu, akakosea, akajaribu. Mara nyingine vitu vilibaki kama vilivyo, mara nyingine kijana alirudi nyuma na kupoteza kazi yetu ya mchana mzima. Mpaka akagundua kwamba ile taa ya pembeni, kabla ya kuacha kupepesa, inafifia kidogo tu, na ukizima pale inapofifia, umepata. Ilihitaji jicho na utulivu. Tukawa na pete mbili, kisha nne, kisha dawa za hopitali tusizoweza kumaliza. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kugawiwa chumvi kwa kijiko cha chai anaweza kuelewa raha ile, ya kufungua mfuko na kukuta umejaa.

Alimfundisha Fiston mwenyewe, kwa moyo mweupe, siku hiyohiyo. Walikuwa rika moja. Fiston hakuamini mpaka alipoona, kisha akamkumbatia. Hili nalikumbuka na ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba alijua vizuri ni nani aliyemfundisha.

Baada ya siku chache wavulana wa avenue yetu walianza kuja. Walikaa kwenye baraza, vichwa vimegusana juu ya kajeu, na Fiston katikati yao akawa maître, mwalimu wao. Sisi wasichana tulikuwa na kazi. Mwamini alitwanga sombe nyuma yao, hatua chache tu, na kutoka pale kwenye kinu alisikia kila kitu. Mchana mmoja Fiston alikuwa ameahidi kuzidisha upanga mkubwa tuliouhangaikia sana. Akaweka upanga ndani ya sanduku. Akaanza kumlaza kijana. Kidole kikaenda kwenye kitufe.

Mwamini aliinua kichwa. "Bado, Fiston! Ngoja taa ififie!"

Wavulana wakageuka. Mmoja akacheka. "Eh! Kumbe musichana njo anakufundishaka?"

"Huyu?" Fiston akasema. "Anajua nini huyu?"

Na akazima. Alizima wakati huohuo kwa sababu alikuwa ameambiwa asizime. Nilikuwa nimekaa pembeni nikichambua majani ya sombe, niliona mkono wake.

Alipowasha tena, wimbo ulianza na kukwama kwenye sauti moja, kama nzi ndani ya chupa. Skrini ikajaa vijiti vya kiberiti kutoka juu hadi chini. Kijana akatokea bila kichwa, akatembea ndani ya ukuta, akapotea. Fiston akazima, akawasha. Safari hii hakukutokea kitu. Wavulana wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga, kama watu wanavyoondoka pakitokea ugomvi, na wa mwisho wao alipokuwa anatoka, baba mukubwa alikuwa anaingia na pikipiki yake.

"Nani ameharibu hii kitu?"

"Mwamini," Fiston akasema. "Njo yeye anaizimaka-zimaka."

Baba mukubwa akamgeukia dada yangu. Dada alikuwa bado ameshika mtwangio. "Ni kweli? Unaizimaka?"

Mwamini hakuwahi kujua kusema uongo. "Ndiyo, baba mukubwa, nilikuwa naizima, lakini leo..."

"Basi. Amekubali mwenyewe."

"Ni Fiston!" nikapiga kelele. "Nimemuona, ni Fiston alizima!"

Mama mukubwa akanishika sikio na kunitoa nje. Wakubwa wakisema, watoto hawaingilii. Nikiwa nje nilisikia neno lile kwa mara ya kwanza. Muharibifu. "Siwezi kukaa na muharibifu kwa nyumba," baba mukubwa alisema, tena kwa sauti ambayo haikuwa ya mtu mwenye hasira. Ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. Nilikuwa mdogo, sikuijua tofauti.

Wiki ile haikuisha. Baba mukubwa alimvusha Mwamini mto Lualaba kwa mtumbwi na kumpeleka Alunguli, kwa shangazi mmoja mzee aliyekuwa na bustani za mboga. Kisingizio kilikuwa kwamba atajifunza kazi na adabu. Masomo yakaishia pale. Alikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, na madaftari yake yalibaki chini ya kitanda chetu, mama mukubwa akayatumia kuwashia moto. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa mdogo. Kila nilipoona mitumbwi inatoka upande ule nilitafuta kitambaa chake cha kichwa. Mara chache alikuja na beseni la lenga-lenga, akauza, akarudi. Siku moja nilimwuliza kama kwa shangazi kuna redio.

"Iko," akasema. "Lakini mi haniachie kuigusa. Hata taa sitakiwi kuwasha. Baba mukubwa alimuambia nikishika kitu kinakufa."

Alisema huku anapanga mafungu ya mboga, hakulia. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba yote haya ni kwa sababu ya kajeu. Kwamba mashine ya kuchezea, iliyokuja ndani ya katoni ya sabuni, ina thamani kuliko dada yangu. Niliichukia mashine ile na niliichukia kaseti yake. Nilimchukia mpaka yule kijana wa kitambaa.

Njia zilipofunguka, baba alikuja kutuchukua. Mwamini alikuwa mrefu, viganja vimekuwa vigumu, na shule ilikuwa imempita. Aliolewa Kalima. Siku ya mazungumzo ya mahari, mzee mmoja wa upande wa pili aliuliza mbele ya watu, "Si huyu njo yule wanasemaka anaharibu vitu?" Neno la baraza la Kasuku lilikuwa limetembea mpaka Kalima, njia ambayo sisi wenyewe tulishindwa kupita miaka yote ile. Mimi nilirudi Kindu, nikamaliza shule, leo ninafundisha. Fiston alisoma, akapata njia ya kwenda Ulaya, akawa kichwa ya familia.

Basi Jumapili ile niliandika kwenye grupu. Niliandika kwa Kiswahili ili kila mtu asome. Nikasema aliyegundua ni Mwamini, na aliyeharibu ni Fiston, niliona kwa macho yangu. Akajibu shangazi mmoja: "Zaina, hayo ni ya utoto, tumshukuru Mungu tuko wazima." Mwingine akatuma mikono ya kusali. Fiston mwenyewe akatuma sura zinazocheka na maneno mawili, "Dada jamani," halafu akaweka picha ya watoto wake kwenye theluji, na grupu lote likakimbilia theluji.

Nilivaa viatu nikaenda kwa baba mukubwa. Bado anaishi, peke yake na msichana wa kumpikia, katika nyumba ileile. Macho yamepungua lakini masikio yako sawa. Nilimsalimia, nikampa pole za magoti yake, nikaweka simu juu ya meza na kumwambia asikilize. Alisikiliza video yote huku ameinamisha kichwa. Akaniomba nirudishe pale mwisho, pa binti aliyeharibu. Nikarudisha.

"Anadanganya," akasema.

Sikutegemea. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kubishana. "Baba mukubwa anasema nini?"

"Ni yeye aliharibu. Nilijua siku ile ile. Mutoto wangu mwenyewe, nisimujue?"

"Njo kwa nini ulimufukuza Mwamini?"

Msichana wa jikoni alikuwa anapita na maji, baba mukubwa akamngoja apite.

"Chakula ilikuwa inaisha, Zaina. Nyinyi hamukujua. Mama yenu mukubwa alikuwa anasonga bugali na kuangalia vichwa vyenu. Ilibidi mutu mumoja avuke aende kwa bustani kule. Wewe ulikuwa mudogo sana. Fiston..." Akaacha hapo. "Nilikuwa natafuta namna ya kumuambia Mwamini, sikuipata. Siku ile namna ikakuja yenyewe."

Nimefundisha watoto miaka mingi na najua kushika ulimi mbele ya mkubwa. Siku ile sikuushika. Nilimwambia kwamba kushindwa kulisha watoto wa ndugu wakati wa vita si aibu, mji mzima ulishindwa. Nilimwambia kwamba angeweza kulia mbele yetu na tungelia naye. Lakini yeye, mtu mzima, mwenye duka na pikipiki, alichukua aibu yake akamtwika msichana aliyekuwa anamtwangia sombe. Alimnyang'anya shule, na haikutosha, akamtangulizia sifa mbaya ng'ambo ya mto na mpaka ukweni.

"Ilikuwa neno tu," akasema.

"Neno tu!" Nilisimama. Kiti kilianguka na sikukiinua. Nikamsogezea simu mdomoni. "Basi sema lingine. Sema hapa, nimutumie Mwamini."

Alitikisa kichwa. "Mimi ni muzee. Nitaanzia wapi?"

Nilitoka bila kuaga. Sijamrudia mpaka leo, na wanaonitafuta ili niende kumwomba msamaha wanapoteza muda wao. Video bado ipo. Watu wanaendelea kuisifu.

Njiani nilijiuliza kama nimwambie Mwamini au nimwache na amani yake. Nikaona kwamba kuamua kwa niaba yake anachostahili kujua ni kitu kilekile alichofanyiwa. Nikampigia palepale barabarani, nimeziba sikio moja kwa sababu ya pikipiki. Nilisikia sauti ya wajukuu wake na ya sufuria. Nikamweleza yote, video, na baba mukubwa, na chakula iliyokuwa inaisha, na namna iliyokuja yenyewe.

Kuhusu Fiston hakusema neno. Sufuria ikawekwa chini kwa kishindo.

"Mwamini?"

"Niko." Nikasikia anawaambia watoto watoke nje kidogo. Kisha akarudi kwenye simu, na sauti ilikuwa imebadilika, kali, ya msichana niliyemjua kabla ya mto.

"Angeniambia tu kama chakula haitoshe. Ningeenda mwenyewe, Zaina. Ningebeba madaftari yangu, ningeenda."